Kumpima anayefundisha afya: cheti cha CHES kinapima nini hasa?

Hebu tuanze na swali dogo. Usiogope, hakuna atakayekusahihisha.

Idara ya afya ya kaunti moja nchini Marekani imegundua kwamba katika mtaa fulani watoto wengi walipata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua, lakini ya pili hawakuipata. Wewe umeajiriwa leo hii kama mwelimishaji wa afya. Utaanza na lipi?

(a) Kuchapisha vipeperushi vinavyoeleza hatari za surua.
(b) Kumwalika daktari wa watoto azungumze na wazazi shuleni.
(c) Kupitia takwimu za kliniki na kuzungumza na wazazi ili kujua kinachowazuia.
(d) Kutoa matangazo redioni kwa wiki mbili mfululizo.

Swali hili nimelitunga mwenyewe, lakini limefuata mtindo wa maswali ambayo watahiniwa wa cheti cha CHES hukutana nayo. Jibu ni (c). Kama umesoma udaktari, uuguzi au baiolojia, huenda mkono wako ulikimbilia (a) au (b), na si ajabu. Ukiijua surua vizuri, kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni kuwaeleza watu kuhusu surua.

Lakini tuseme wazazi hao wanaijua surua vizuri tu. Shida yao ni kwamba kliniki inafungwa saa kumi jioni, na wao wanatoka kiwandani saa kumi na mbili. Hapo kipeperushi kitafanya nini? Kitasomwa, kitakubaliwa, na mtoto atabaki bila dozi ya pili.

Makala hii inaeleza jinsi mtu anavyothibitishwa kitaaluma kuwa mwelimishaji wa afya nchini Marekani: nani anaruhusiwa kufanya mtihani, mtihani wenyewe umejengwaje, alama ya kufaulu inatoka wapi, na cheti kinakupa nini na hakikupi nini. Ila ukiondoka na jambo moja tu, liwe hili: mtihani huu haupimi sana unajua nini kuhusu magonjwa. Unapima kama unajua kufanya kazi na watu hatua kwa hatua, na kama utajua mwishoni kwamba kuna kilichobadilika.

Kujua ugonjwa ni kitu kimoja, kubadilisha tabia ni kingine

Turudi nyuma kidogo, miaka ya 1950. Marekani ilikuwa inapambana na kifua kikuu. Magari yenye mashine za eksirei yalipelekwa hadi mitaani, na kupigwa picha ya kifua ilikuwa bure. Kwa hesabu za kawaida, watu wangepanga foleni. Wengi hawakwenda.

Ndani ya Idara ya Afya ya Umma ya Marekani kulikuwa na wanasaikolojia ya jamii waliojiuliza kwa nini. Mmoja wao, Godfrey Hochbaum, aliwahoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji mitatu: Boston, Cleveland na Detroit. Aliwauliza mambo mawili hasa. La kwanza: unaamini kwamba wewe, hata ukijiona mzima, unaweza kuwa na kifua kikuu? La pili: unaamini kwamba kugundulika mapema kuna faida?

Kati ya walioamini yote mawili, asilimia 82 walikuwa wameshapiga eksirei kwa hiari yao. Kati ya wasioamini hata moja, ni asilimia 21 tu.

Sasa, kama msomaji makini wa sayansi, utasema: ngoja kwanza. Watu hawa waliulizwa imani zao baada ya kuwa tayari wamekwenda au hawajakwenda. Inawezekana kupiga eksirei ndiko kulikozaa imani, si kinyume chake. Uko sahihi, na huo ni udhaifu wa utafiti wa aina hii. Hata hivyo, pengo lilikuwa kubwa mno kupuuzwa, na kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Modeli ya Imani za Kiafya, ambayo hadi leo kila mtahiniwa wa CHES anatakiwa kuijua.

Baadaye, mwaka 1974, Lawrence Green alitoa mpango unaoitwa PRECEDE. Kiini chake ni kuanzia mwisho: jiulize kwanza ni matokeo gani unayataka, halafu rudi nyuma kutafuta yanayoyasababisha. Akayapanga katika makundi matatu. Kuna mambo yaliyomo ndani ya mtu kabla hajatenda, kama maarifa na imani. Kuna mambo yanayomwezesha, kama nauli, muda na kliniki iliyo wazi. Na kuna yanayomtia moyo aendelee, kama familia, majirani na jinsi nesi alivyompokea mara ya kwanza.

Umeona kitu? Kipeperushi kinagusa kundi la kwanza peke yake. Wazazi wetu wa kiwandani wamekwama kwenye kundi la pili. Ndiyo maana jibu lilikuwa (c): kabla hujajua umekwama kwenye kundi gani, dawa yoyote utakayotoa ni ya kubahatisha.

Na mawazo haya si ya Marekani peke yake. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Haikuwa matangazo ya redio tu. Kulikuwa na vipindi, vijitabu, na vikundi vya watu wazima waliokaa pamoja kusikiliza, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Takriban watu milioni 2 walishiriki, na matokeo yake yalifanyiwa tathmini. Waliofanya kazi ile hawakuwa na cheti cha CHES, kwa sababu hakikuwepo. Ujuzi ndio uliotangulia, cheti kikafuata.

Cheti kilitoka wapi?

Mpaka miaka ya 1970, mtu aliyeitwa mwelimishaji wa afya Marekani angeweza kuwa mwalimu wa sekondari, nesi wa hospitali, mtumishi wa kaunti au mfanyakazi wa shirika la kujitolea. Kila mmoja alisomea kwake, kwa namna yake. Je, kazi yao ilikuwa moja? Mwaka 1978 wataalamu walikutana Bethesda, Maryland, kulijadili swali hilohilo. Jibu walilolifikia ni kwamba mazingira yanatofautiana, lakini kazi ya msingi inafanana. Kutokana na hapo ulianza mradi wa kuainisha majukumu ya mwelimishaji wa afya.

Mwaka 1988 iliundwa tume huru ya kitaifa ya kuwathibitisha wataalamu hao, inayojulikana kwa kifupi chake NCHEC. Mtihani wa kwanza ulifanyika mwaka 1990. CHES ndiyo hadhi anayoipata aliyefaulu: Mtaalamu wa Elimu ya Afya Aliyethibitishwa. Tangu mwaka 2011 kuna pia ngazi ya juu, MCHES, kwa wenye uzoefu wa kazi wa miaka mitano au zaidi.

Maswali yanatoka wapi?

Hapa ndipo sayansi yenyewe inapoingia, na binafsi naona ni sehemu tamu kuliko zote.

Ukitaka kutunga mtihani wa kazi, njia rahisi ni kukusanya maprofesa watano na kuwauliza: "Mnadhani mwelimishaji wa afya anapaswa kujua nini?" Tatizo ni kwamba kila profesa atataja somo lake. Njia bora ni kwenda kwa wanaoifanya kazi yenyewe na kuwauliza: unafanya nini hasa? Mara ngapi? Na ukikosea, madhara yake ni makubwa kiasi gani? Majibu yanakusanywa kutoka kwa maelfu ya watu, kisha jukumu linalofanywa mara nyingi na lenye uzito mkubwa linapata nafasi kubwa kwenye mtihani. Huu unaitwa uchambuzi wa kazi. Hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa sababu kazi nazo hubadilika.

Uchambuzi uliotolewa mwaka 2020 ulipata maeneo 8 ya majukumu, yaliyogawanywa katika stadi ndogondogo 193:

1. Kutathmini mahitaji ya jamii na uwezo iliyo nao.
2. Kupanga.
3. Kutekeleza.
4. Kutathmini matokeo na kufanya utafiti.
5. Utetezi, yaani kushawishi sera na mazingira yabadilike.
6. Mawasiliano.
7. Uongozi na usimamizi.
8. Maadili na weledi.

Kabla ya hapo maeneo yalikuwa 7. Utetezi na mawasiliano yalikuwa yamebanwa chumba kimoja. Sasa kila moja lina chumba chake, na maadili nayo yakapata chake.

Angalia nambari moja. Orodha haianzi na kufundisha, inaanzia na kuuliza. Tena angalia kwamba magonjwa hayamo: hakuna eneo la kisukari, wala malaria, wala lishe. Hii haimaanishi huhitaji kuyajua. Utayahitaji kila siku ukiwa kazini. Ila mtihani umejengwa juu ya kile ambacho waelimishaji wote wanafanana, awe wa kisukari Chicago au wa chanjo Texas.

Nani anaruhusiwa kukaa kwenye chumba cha mtihani?

Hapa hakuna njia ya mkato. Unatakiwa uwe na shahada ya kwanza au zaidi kutoka chuo chenye ithibati, na mojawapo ya haya mawili: shahada yako iwe ya elimu ya afya yenyewe, kama inavyosomeka kwenye transkripti, au uwe na angalau krediti 25 za muhula katika masomo yanayogusa maeneo yale 8.

Krediti 25 ni kama masomo manane au tisa ya kawaida ya chuo cha Marekani. Kwa hiyo aliyesoma sosholojia au lishe hajafungiwa mlango, ilimradi masomo yake yalihusu kupanga programu, tathmini, mawasiliano ya afya na mengine ya aina hiyo. Kinachoangaliwa ni kilichomo ndani ya somo, kwa hiyo tunza zile muhtasari za masomo unazopewa mwanzo wa muhula. Wengi huzitupa, halafu miaka mitatu baadaye wanahangaika kuthibitisha kwamba somo lenye jina la "Mada Maalumu" lilikuwa la tathmini.

Wanaokaribia kuhitimu nao wana nafasi: unaweza kufanya mtihani ukiwa ndani ya siku 90 kabla ya kumaliza shahada. Na kama ulisomea nje ya Marekani, kwa mfano Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, transkripti yako itabidi kwanza ipitiwe na taasisi inayolinganisha elimu ya nje na ya Marekani, somo kwa somo. Hatua hii huchukua muda na fedha, kwa hiyo usiiache mpaka dakika za mwisho. Mtihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Ukikosa Aprili, umeahirisha nusu mwaka.

Ndani ya mtihani: maswali 15 ya siri

Mtihani una maswali 165 ya kuchagua jibu, na unapewa saa tatu. Ukigawanya, ni dakika moja na sekunde chache kwa swali. Lakini kati ya hayo 165, yanayohesabiwa ni 150 tu. Yale 15 yaliyobaki yanajaribiwa, na wewe huambiwi ni yapi.

Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu swali nalo ni kipimo, na kipimo lazima kipimwe. Mizani mpya haiwekwi dukani kabla haijakaguliwa. Swali jipya likijibiwa na watahiniwa wote, au lisijibiwe na yeyote, halikuambii nani anajua na nani hajui. Baya zaidi ni swali ambalo wanaofanya vizuri mtihani mzima wanalikosa, na wanaofanya vibaya wanalipata. Swali kama hilo lina kasoro: labda lugha yake ina utata, au majibu mawili yote ni sahihi, na wanaofikiri sana ndio wanaonaswa. Kwa kulijaribu kwanza bila kulihesabu, watunzi wanaligundua kabla halijamfelisha mtu.

Huambiwi ni yapi kwa sababu moja rahisi: ungejua, usingejibidiisha, na kipimo kingeharibika.

Alama ya kufaulu haikuokotwa barabarani

Shuleni tumezoea 50 au 40 kwa 100. Aliyeamua ni nani? Mara nyingi ni mazoea tu. Lakini mtihani ukiwa mgumu, 50 ni mlima. Ukiwa rahisi, 50 ni aibu. Kwa mtihani unaoamua nani apewe cheti cha kazi, mazoea hayatoshi.

Njia inayotumika sana kwenye mitihani ya vyeti, CHES ikiwemo, inatokana na William Angoff, mtaalamu wa upimaji aliyeiandika mwaka 1971. Jopo la wataalamu hukaa pamoja na kumfikiria mtu mmoja wa kufikirika: yule anayestahili cheti kwa taabu, aliye mstarini kabisa, si bingwa wala si mbumbumbu. Kisha, swali baada ya swali, kila mjumbe anajiuliza: tungekuwa na watu 100 wa aina hii, wangapi wangelipata?

Tuchukue mtihani mdogo wa maswali matano. Tuseme wastani wa makadirio ya jopo ni 90, 80, 70, 60 na 50 kati ya watu 100. Ukiyageuza kuwa sehemu ya alama moja, unapata 0.9 + 0.8 + 0.7 + 0.6 + 0.5, jumla 3.5. Maana yake, mtu wa mstarini angetegemewa kupata alama 3.5 kati ya 5, na hapo ndipo mstari wa kufaulu unapochorwa. Maswali yakiwa magumu zaidi, makadirio yanashuka na mstari nao unashuka.

Hii ina maana kubwa kwako mtahiniwa. Hushindani na aliyekaa meza ya pili. Hata wote mliomo chumbani mkivuka mstari, wote mtafaulu. Hakuna anayekatwa ili idadi itimie.

Ukishafaulu, hujamaliza

Cheti hakidumu milele. Ndani ya kila miaka mitano unatakiwa ukusanye saa 75 za mafunzo endelevu, na angalau 45 kati ya hizo zitoke kwa watoaji waliokubaliwa na NCHEC. Kuna pia ada ya kila mwaka. Ukigawanya, ni saa 15 kwa mwaka. Haionekani nyingi, ila ukizilimbikiza hadi mwaka wa tano utazisikia kooni.

Sababu yake inaeleweka. Mwelimishaji aliyethibitishwa mwaka 2015 hakuulizwa lolote kuhusu kupambana na uvumi wa chanjo za UVIKO-19. Akibaki na yale aliyoyajua siku ya mtihani, cheti chake kitakuwa kinasema kweli kuhusu mtu ambaye hayupo tena.

Cheti si leseni

Tofauti hii huwachanganya wengi. Leseni hutolewa na serikali, na ukifanya kazi bila hiyo umevunja sheria. Daktari hawezi kufanya kazi bila leseni. CHES ni ya hiari. Unaweza kuajiriwa kama mwelimishaji wa afya Marekani bila kuwa nayo. Wapo waajiri wanaoidai, wapo wanaoipa kipaumbele, na wapo wasioitaja kabisa. Kwa hiyo kabla hujalipia, soma matangazo ya kazi unazozitaka wewe, mahali unapotaka kuishi. Yakiitaja mara kwa mara, una jibu lako.

Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki: CHES haikupi ruhusa yoyote ya kufanya kazi ya afya nyumbani. Ruhusa hizo zinatoka kwa mabaraza ya nchi husika, na hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza. Ila yale maeneo 8 ni ya kusoma bure. Uwe unaongoza mradi wa maji Kigoma au unafundisha kina mama lishe Mombasa, jipitishe kwenye orodha ile uone ni chumba gani hukuwahi kukiingia. Wengi wetu tutajikuta kwenye namba 4: tunafanya semina, tunapiga picha, tunahesabu waliohudhuria, basi. Lakini kuhesabu waliohudhuria ni kuhesabu viti. Nani alibadilika?

Kisichopimika kwa maswali ya kuchagua

Tuseme ukweli. Mtihani wa maswali 165 unaweza kujua kama unafahamu kwamba wazazi husikilizwa kwanza. Hauwezi kujua kama wewe ukikaa sebuleni kwa mama aliyekimbia vita Kongo, sasa anaishi Marekani na anazungumza Kiswahili, utamsikiliza kweli au utakuwa unangoja amalize ili uanze kuhutubia. Hakuna kompyuta inayopima hilo. Cheti kinasema kwamba mwenye nacho ameifahamu njia ya kazi kwa kiwango kilichokubaliwa na wenzake. Kama anaitembea njia hiyo, watakaokwambia ni watu anaowahudumia.

Hata hivyo, kwenye kazi ambayo kila mwenye simu na sauti nzuri anaweza kujiita mwalimu wa afya, kuwa na kiwango kinachojulikana, kilichotokana na utafiti, na kinachopimwa upya kila baada ya miaka mitano, si jambo dogo. Siku utakapokutana na mtu anayetaka kukufundisha afya, mwenye cheti au asiye nacho, angalia anaanzaje. Akianza kwa kukuuliza, msikilize.